Madirisha ya Obdulia

Dada yangu Obdulia ana sheria moja,
na hiyo moja ni ya mama:
saa nne asubuhi, funga.
Hata upepo ukibisha hodi kwa adabu,
hata kama ndege hawajamaliza maneno yao,
funga.

Tuko nje ya Mérida, mwezi wa saba.
Gari-nyumba alilotuachia kaka Fulgencio
limejibanza chini ya mwaloni mmoja
wenye kivuli kama shuka la mtoto:
ukifunika kichwa, miguu iko nje.

Pua ya gari ameielekeza kaskazini.
Mlango wa ubavuni unatazama mashariki,
ili alasiri tuweke viti pale, tulipe jua kisogo.
Kioo cha mbele kakivisha foili,
upande wa kung'aa nje,
"lijitazame lenyewe, huenda likaona haya."
Mapazia kayabana kwa vibanio vya nguo,
kimoja kimoja, kama anayefunga jeraha.

Jiko marufuku hadi giza.
Tunakula supu baridi ya nyanya,
mkate wa jana, tikiti.
Friji inanipumulia mgongoni pumzi ya mgonjwa.
Nasema, izime.
Anasema, na maziwa?
Nasema, nani anakunywa maziwa kwenye tanuri?
Hanijibu. Anakunywa maziwa.

Saa tisa. Hata nzi wametua.
Kipimajoto cha Fulgencio, kilichogandishwa kwa utepe mwekundu,
kinasema ndani thelathini na sita,
nje arobaini na moja.
"Tano," anasema Obdulia,
akininyooshea kiganja kizima
kama mtu aliyeniuzia mbuzi kwa faida.

Alipokwenda kujimwagia maji nyuma ya gari
nilifungua dirisha. Kidogo tu, upana wa kiganja,
nipate kuona nje, nione kitu chenye umbali.
Hewa iliingia kama mdai:
haikusalimu, ilikaa kitandani.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Alirudi, akatazama utepe mwekundu,
akalifunga dirisha pole pole,
na hakusema neno.
Afadhali angenitukana.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
nilipoikimbia nyumba ya mama na giza lake la mchana,
vile vibao vya madirisha vilivyoshushwa
tukanong'ona hadi jioni kama wezi kwetu wenyewe.
Huko Bilbao nikapanga chumba chenye vioo vitupu,
mvua ikanitazama nikiitazama,
nikaapa: sifungi tena.
Obdulia alibaki.
Alifunga na kufungua miaka thelathini na moja.
Mwishoni mama alikuwa anauliza, ni mchana au usiku?
naye, jua likiwa la utosi, alimjibu,
usiku, mama, lala.
Haya kaniambia jana, akimenya tikiti,
bila kuinua macho.

Saa nne nyingine, ya usiku, jua limezama sasa hivi.
"Sasa," anasema, na sauti yake inakuwa ya msichana.
Tundu la paa, wazi. Feni ndogo inavuta juu.
Dirisha la chini, upande wa bonde, wazi.
Mlangoni anatundika shuka alilolilowesha,
linadondosha matone kwenye ngazi.
Joto la kutwa linaondoka kwa paa
shingo upande, kama wageni waliozoea,
na chini, kwenye vifundo vya miguu,
kitu kinapita, chembamba,
chenye harufu ya majani makavu na mbwa wa mtu.

Vibanio vya nguo vimo kwenye kikombe.
Bati linalia tik, tik, likijikunja.
Kutoka kwenye friji ile niliyotaka izimwe
anatoa chupa ya barafu
iliyovikwa soksi ya Fulgencio,
ananipa gizani bila kuuliza.
"Weka kwenye nyayo. Kisha unirudishie."

Naiweka. Sirudishi upesi.
Kesho saa nne nitafunga mimi.
Sijamwambia.