Nafasi ya King'ora

Kazi yangu ilikuwa sekunde arobaini,
si zaidi. Nawej, fundi wa mitambo,
aliinua kidole kimoja nyuma ya kioo
nami nikaanza: gita, kopo la maziwa lenye mchele,
na kinanda chenye kitufe kimoja bubu
nilichokikwepa miaka kumi na saba
kama mtu anavyomkwepa mdai wake mtaani.

Kuta tulizibandika trei za mayai.
Zilizuia jogoo, zilizuia wauza makala,
hazikuzuia king'ora cha kiwanda.
Saa kumi na moja kamili, zamu ikibadilika,
kiliinuka chini ya lile bomba la moshi,
kikavuka reli, kikavuka Kamalondo,
kikaingia kwenye maikrofoni bila kubisha hodi.

Mkurugenzi akasema: sogezeni kipindi.
Lakini saa kumi na moja na nusu ilikuwa ya hotuba,
na hotuba haisogei.
Basi siku tatu nilikaa dirishani na gita,
nikiukaza uzi, nikiulegeza,
hadi nikakikuta: king'ora kililia katika sol,
sol iliyochoka kidogo, iliyokaribia kuanguka.
Nikaushusha wimbo wote ukifuate.
Nikakiachia mapigo manne katikati.
Tulipofika hapo, mimi na Yaya Odile tulinyamaza,
kanga, ndege wetu wa soksi,
akafungua mdomo wake mwekundu,
na kiwanda kizima kikaimba.

Mshahara ulikuja, haukuja.
Mwaka mmoja walinilipa magunia mawili ya unga.
Astrida akasonga bukari, akasema:
leo tunakula wimbo wa meno.
Maana nilitunga pia wimbo wa meno,
wa kunawa, wa kuvuka barabara,
wa herufi zote isipokuwa Q,
ambayo sikupata cha kuiimbia.
Harusini shemeji alinitambulisha:
huyu ni mwanamuziki, lakini wa watoto.
Hiyo lakini yake nilirudi nayo nyumbani,
sikuipatia noti.

Kisha kiwanda kikaanza kukohoa.
Zamu tatu zikawa mbili,
mbili zikawa watu getini
wakitafuta majina yao ubaoni.
Jumatatu moja tukafika kwenye mapigo manne,
tukanyamaza, kanga akafungua mdomo,
hakikutoka kitu.
Nawej alidhani waya umekatika.
Nilihesabu kwa mguu, nikaendelea.

Wiki hiyo ikaja barua,
karatasi ya daftari la hesabu,
kutoka kwa Chansa, miaka minane, Katuba:
"Kwa nini mumemfukuza yule anayeimba kwa nguvu?
Baba naye anakaa tu nyumbani.
Murudishe."

Nilijaribu. Nilijaribu tarumbeta,
nilijaribu kupuliza chupa,
nilijaribu hata koo langu mwenyewe.
Kila kitu kilikuwa kidogo.

Kanda zetu zilifutwa, wakarekodi mpira juu yake.
Sina kinyongo. Ulikuwa mchezo mzuri.

Jana, kwenye foleni ya dawa za presha,
mwanamke mbele yangu alibeba mjukuu mwenye homa.
Akaanza kumwimbia kwa pua, bila maneno,
na kwenye noti ya tatu mgongo ukanisisimka.
Hapa alikosea, pale alirefusha.
Mimi, niliyewahi kumliza Odile kwa nusu noti,
nilikaza macho kwenye kadi yangu ya hospitali.
Alipofika katikati akasimama.
Akafungua mdomo.
Moja. Mbili.
Muuguzi aliita namba. Pikipiki ilipita nje.
Tatu. Nne.
Kisha akaendelea,
palepale, katika sol iliyochoka.