Auni, Anua

Ijumaa, kipindi cha tano, somo la dini.
Waislamu walikwenda darasa la sita kwa ustadhi
wakarudi: pikipiki yake imezimika Igombe.
Basi Mwamvua na wenzake wanne wakaketi nyuma
kama wageni wa harusi
wasiojua kama wali utawafikia.

Ubaoni nilikuwa nimeandika maneno manne
kama parokia inavyotaka:
hadhi, mshikamano, manufaa ya wote, auni.

Matatu ya kwanza nilivuka bila kulowa.
Hadhi: yule mama anayeokota mapezi mwaloni
ana jina; mwiteni kwa jina.
Mshikamano: Bugingo alikata penseli yake kwa meno
akampa Faustini kipande chenye kifutio.
Manufaa ya wote: bomba la shule, wakasema,
lisiachwe likidondoka usiku kucha.

La nne likanikwamisha.
Nikasoma: mkubwa asimnyang'anye mdogo
kazi anayoiweza, ila amsaidie inapomshinda.
Darasa zima likanitazama kama sato kwenye beseni,
midomo wazi, macho hayafumbi.
Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe, chuoni,
nililikariri neno hili usiku wa mtihani
na asubuhi nikaliacha kwenye karatasi.

Kabula akanyoosha mkono.
"Mwalimu, umekosea kuandika. Ni *anua*."

Wakacheka hadi madawati yakacheka.

"Ni anua," akakaza. "Bibi ana vichanja saba vya dagaa.
Kimoja changu. Naanika mwenyewe, nageuza mwenyewe,
yangeyange nawafukuza mwenyewe.
Hata nikiwapanga hovyo hasemi, anajikuna tu.
Ila wingu likitokea Ukerewe
anakuja mbio na karai, tunaanua wote.
Mvua ikipita, kichanja ananirudishia."

Nyuma, Mwamvua, ambaye si wa kipindi changu:
"Auni ni msaada. Sisi madrasa tunaiomba."
Akaketi upesi, kama aliyeazima kitu
bila kumwambia mwenyewe.

Nikashika chaki. Sikuandika.
Miaka kumi na moja nalifundisha neno hili
na leo ndiyo linaingia mlangoni kwa miguu yake:
mmoja una magamba,
mmoja umetawadha.

Bati likagongwa mara moja. Mara mbili.
Kabula hakuomba ruhusa, alinitazama tu.
Nje ziwa limekuwa rangi ya sufuria
na bibi yake, Nyamizi, ameinama ufukweni peke yake,
vichanja saba na mikono miwili.

"Nendeni," nikasema,
na nadhani nilikuwa nimeshatangulia.

Watoto arobaini na watatu wakateremka kati ya majabali.
Ndoo, sweta, mfuko wa madaftari, kofia ya Bugingo,
kila chenye tumbo kilijazwa dagaa.
Mwamvua alitandika mtandio wake, akaufunga fundo,
akaubeba kichwani kama mama wa sokoni.
Bibi Nyamizi hakushukuru; hakuwa na nafasi.
Alipiga kelele: "Msikanyage hao! Hao mnawakanyaga!"

Nilifika kwenye kichanja cha mwisho,
kidogo, kimeegemea jiwe, miguu yake haitoshani.
Nikaanza kuzoa kwa viganja.

"Mwalimu," Kabula akasema, maji yakimchuruzika puani,
"hicho ni changu. Nakiweza."

Ilikuwa vigumu, nakiri. Mvua ilikuwa kubwa
na vidole vyake vidogo.
Nikaitoa mikono yangu.
Nikachuchumaa kando
nikaushika mdomo wa ndoo, basi,
isije ikapinduka.

Jumatatu mwalimu mkuu alirudisha andalio langu la somo.
Chini yake, kwa wino mwekundu:
*Kipindi hakikukamilika.*

Ni kweli.
Dagaa walikauka Jumanne.