Ukuta wa Upande wa Kitanda

Matamba, mwezi wa saba, baridi haibishi hodi.
Hupenya kwenye nyufa za mbao, ikalala nasi.
Mama alikoroga uji wa ngano, mzito, usio na chumvi,
akapaka ukuta, akabandika magazeti
aliyopewa na Tweve, karani wa ghala la pareto.
Yote ya Kiingereza. Yale ya Kiswahili
watu hawakuyaachia mpaka yachanike.

Hakujua kusoma alichobandika.
Uchumi aliusimamisha kichwa chini.
Waziri mmoja alikatwa shingo na dirisha.
Michezo iliangukia nyuma ya mlango,
ndiyo maana hadi leo mpira siujui kwa Kiingereza.

Mimi, mtoto wa nne, nililala ukutani.
Koroboi ikiwaka, tulitazamana
pua kwa pua na ukurasa wa tano.

Kamusi ilikuwepo moja, ya shule,
imefungiwa kabatini kwa Mwalimu Chaula
pamoja na filimbi na pampu ya baiskeli.
Basi maneno nikayajua kama tujuavyo mgeni kijijini:
unaangalia kafuatana na nani,
kakaa karibu na nani,
nani ananyamaza akipita.

La kwanza lilikuwa frost.
Lilikaa kati ya potatoes, nililofundishwa darasani,
na Kitulo, ninapopajua kwa miguu.
Mbele yake, hesabu ya ekari.
Alfajiri nikatoka kukojoa:
nyasi zimevaa nyeupe,
majani ya viazi yameungua bila moto.
Nikasema kwa sauti, furosti.
Mama akauliza, unamwita nani?
Sakitu, mama. Sakitu ina jina la pili.
Akalitazama shamba, kanga kaishika kifuani.
"Na hilo la pili linaunguza vilevile?"

Drought niliisoma dro-u-ghi-ti,
silabi nne, kila herufi nikiipa haki yake.
Nevertheless nilidhani ni mtu,
mzungu fulani mrefu
anayeingilia kati mambo yanapoharibika.
Alleged niliipenda kuliko zote.
Ilitembea mbele ya wezi daima,
nikaona ni cheo chao, kama Bwana au Sajenti.
Siku Obadia Sanga alipokula kiazi changu
nikasimama nikashtaki:
Mwalimu, alleged Obadia kala kiazi changu.

Chaki ilimwanguka Mwalimu Chaula.
Nikanyoosha mkono tayari kwa fimbo.
Akauliza nimelitoa wapi.
Ukutani, nikasema.
Akatafuta ufunguo mfuko wa kulia, wa kushoto,
akafungua kabati.

Usiku ule kamusi ilikuwa mapajani,
nikawatafuta jirani zangu mmoja mmoja.
Nevertheless hakuwa mtu.
Nililia kidogo, nikajifuta kwa shuka.

Ila kulikuwa na habari moja, juu ya mto wangu:
wanakijiji, sikumbuki wa wapi,
walimwambia mkuu wa wilaya kwamba hawata
na hapo mkasi wa mama ukapita.
Baada ya hapo ni tangazo la mbolea.

Nimesoma vyuo viwili tangu wakati ule.
Nimekutana na sentensi nyingi zilizokamilika,
chache nazikumbuka.
Ile naimalizia mwenyewe, kwenye foleni, kwenye mikutano mirefu:
hawatahama. Hawatalipa. Hawatauza.
Mwaka wa msiba wa baba ilikuwa hawatasahau,
kisha nikaifuta, kwa sababu watu husahau.

Mwaka jana kaka alipiga plasta nyumba nzima.
Alifanya vizuri, kuta zimenyooka.
Nilipokwenda nililala upande uleule,
nikapapasa gizani penye mkasi
nikakuta saruji, na ubaridi wake.

Asubuhi mama alinimiminia chai.
Akasema plasta haishiki joto.
Akauliza kama huko mjini
watu bado wanatupa magazeti.