Hesabu ya Mkaa

Bibi Hirimaya hakujua kusoma,
lakini ukuta wa jikoni ulikuwa daftari lake.
Kila alfajiri Asta alipopita na debe la maziwa
bibi alichovya kidole, akakiinua penye mwanga wa mlango:
tone likikimbia, maji yamezidi;
tone likisita, leo ana haya.
Likikimbia, alichukua kipande cha mkaa
akachora mstari mmoja, mfupi kama ukope.

"Humwambii kitu?" nilimuuliza.
"Nimwambie nini? Anajua.
Na mwenye kulipa anajua.
Mimi karani tu."

Miaka kumi na moja karani aliandika.
Miaka kumi na moja Asta alipandisha nyumba:
ghorofa ya pili, ya tatu, nondo, saruji,
tangi jeusi la maji juu ya paa.
Bhaktapur nzima ililinyooshea kidole na kucheka:
"Yule ndiye ng'ombe wake wa maziwa."

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali na udongo.
Ya Gopilal mfinyanzi, vivyo hivyo;
Gopilal ambaye chungu kikiwa na ufa usioonekana
alikigonga mbele yako, usikie kinavyokohoa,
kisha akakivunja mwenyewe.

Sasa nikuulize, wewe usemaye watu huamini kwa ujinga:
kesi ya shamba la babu iliahirishwa mara kumi na tisa.
Hakimu mgonjwa. Faili halionekani. Sikukuu.
Mara ya ishirini babu hakufika; tulikuwa tumemchoma mtoni.
Mtu akikwambia ipo mahakama isiyoahirisha,
isiyokula mlungula, isiyopoteza karatasi,
hata kama kikao chake ni maisha yajayo,
utaikataa kwa ushahidi gani?

Ardhi ilitikisika Jumamosi, wali ukiwa bado motoni.
Ukuta wa jikoni ulianguka na mistari yake yote.
Nyumba ya Gopilal ilikaa chini kama mtu aliyechoka,
na mguu wa Junu, bintiye, ukabaki ndani.
Nyumba ya Asta haikupata hata ufa.
Tangi lilicheza kidogo juu ya paa, likatulia.

Kwenye mahema watu walianza kutafuta hesabu.
Mmoja akasema kwa upole, upole ule unaochoma,
"Sijui huyu mtoto alifanya nini maisha yaliyopita."
Gopilal alikuwa anakanda udongo usiokuwepo,
mikono tu inakwenda.
Bibi alisimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka vile.
"Ana miaka sita," alisema.
"Ana deni la nani? La peremende?"

Hakuna aliyejibu.
Nadhani hapo ndipo kitu kilipomvunjikia ndani,
au kilipomfungukia. Hakuniambia.

Siku ya tatu Asta alikuja, macho mekundu, debe begani.
Hakutaja pesa. Alimimina kikombe kwa kikombe,
akaanzia kwa Junu.
Bibi alichovya kidole, akakiinua juani.
Tone lilisita. Likaning'inia.
Likakataa kabisa kuanguka.

Aligeuka, mkono wake ukatafuta ukuta.
Palikuwa na turubai la buluu, linapigwa na upepo.
"Bibi, ulitaka kuandika nini?"
"Sijui alama yake," akasema.
"Miaka yote nilikuwa nayo moja tu."

Leo wakiniuliza kama naamini
nasema malipo ni hapa hapa, kama kila mtu asemavyo,
kisha naukumbuka ule mguu, na ulimi unakwama.
Ninauza vitambaa. Napima mita,
halafu naongeza upana wa kidole.
Si kwa woga. Au labda ni kwa woga.
Mteja anakunja kitambaa chake, anaondoka,
na ukuta nyuma yangu ni mweupe.