Vibanio Kumi na Tisa

Kijijini kwetu, Uswisi, Jumapili hakuanikwi nguo.
Haikuandikwa popote sheria hiyo;
imeshonwa kwenye pindo za mapazia.

Regula kaanika shuka nne
na soksi za mumewe, aliyezikwa Alhamisi.

"Wazimu," alisema mwoka mikate.
"Kiburi," alisema Bi Ursina.
Mimi sikusema. Nilihesabu vibanio, kumi na tisa,
nikaiandikia halmashauri.

Muuguzi alinieleza barua ishaondoka:
miaka sita mgonjwa akilowesha kitanda,
na kila Jumapili Regula akikausha shuka jikoni,
madirisha kayafunga, jasho likimtiririka,
tusije tukaona.

Leo theluji inaanguka. Hajazianua.
Zimeganda wima kama milango.
Nami nimesimama mbele ya mojawapo,
sijui nibishe wapi.