Mawe Mawili ya Mizani

Nzuguni, mwezi wa nane, upepo ulibeba vumbi
kama mtu aliyetumwa.
Watu walipanga foleni kutazama trekta linalojiendesha,
fahali wa maonyesho kapakwa mafuta hadi kwato,
nami nilikuwa nimekwenda haja, nikapotea njia ya kurudi,
nikatokea nyuma ya banda la mbegu
alipotandika turubai lake Ndahani Malogo.

"Vya kale," aliniambia, "si vikuukuu. Tofauti ni bei."

Pasi ya mkaa, komeo lake jogoo asiye na kishungi.
Redio ya mbao; ndani yake nyigu walikuwa wamejenga.
Senti za tundu, kumi kwa uzi mmoja.
Taa ya reli iliyobakiwa na kioo chekundu tu:
inajua kusimamisha, imesahau kuruhusu.
Na ilimba, vijiti vyake vitatu vimeng'oka,
niliigusa ikatoa sauti
ya mtu anayeulizwa deni mbele ya wageni.

Halafu mawe mawili ya mizani.
Chuma cheusi, laini kwa kushikwashikwa,
yote mawili na mhuri wa taji, yote yameandikwa nne,
ratili nne na ratili nne, pacha wa tumbo moja.
Nikachukua moja kulia, moja kushoto,
kama mtu anayechagua tikiti.

Mkono wa kushoto ukashuka.

Nikabadilisha. Ukashuka wa kulia.

Ndahani hakuona kitu, alikuwa akihesabu chenji.
Nikayapindua. Lile zito lilikuwa na tundu kitakoni
limejazwa risasi, likapakwa rangi,
kazi ya mtu mwenye tupa na subira.
Lile jepesi limekwanguliwa tumbo.
Moja la kununulia karanga zetu,
moja la kutuuzia sukari.

Sasa niseme habari ya babu.
Alikuwa akitoka Chilonwa na magunia juu ya punda.
Bibi keshapima kwa debe, tena debe la kufutika,
keshahesabu kwa vidole shilingi zitakazorudi.
Zilirudi pungufu. Kila mavuno, pungufu.
"Karani kasema ndizo," babu akiapa,
na bibi akimnusa kinywa
kutafuta pombe ya uwele.
Mwaka mmoja aliinusa kweli.
Ukatosha kwa miaka yote.
Mzee alizikwa na jina hilo, nami nikalirithi:
babu mlevi, nilisema shuleni,
darasa zima likacheka, na mimi nikacheka.

Elfu ishirini na tano yote mawili.
Niliomba anipunguzie, Ndahani akakataa:
"Chuma hicho, dada. Kipime mwenyewe."

Bibi nilimkuta kwenye kibaraza, macho yameingia ukungu.
Sikusema neno. Nilimwekea moja kila kiganja,
mikono ile iliyopepeta mtama tangu haijajua pete.
Alikaa nayo.
Kuku alipita kati ya miguu yake,
akageuka, akapita tena.
"Hili la kushoto," akasema mwishowe,
"ndilo lililokuwa likinunua."

Nikanyamaza.

"Chibwana," akaita, si kwa nguvu,
kama anamwita aliyeko uani akate kuni,
jina nililokuwa nalijua
kwa kulisoma msalabani tu.

Kisha akataka kujua bei.
Nikamtajia.
"Umepunjwa," akasema.
Jepesi akanirudishia,
zito akalibakiza mapajani.