Sekunde ya Arobaini

Mjomba Nkwabi huita bweha kwa mdomo.
Ana kipande cha tete, alikikata kando ya maji hapa Kayenze,
kirefu kama kidole cha shahada,
kimepasuliwa kidogo na kufungwa uzi wa nyavu.
Hukilowesha kwa mate kama mtu anayeonja mchuzi,
hukibana kwenye pengo la jino,
na katikati ya mawe
sungura analia, mguu umenaswa.

Hakuna kilio kilichowahi kufanana na kilichotangulia.
Kimoja kirefu. Kingine kinakatika njiani
kwa kuwa pumzi yenye tumbaku imekatika.
Kisha kimya, muda wa kumenya karanga tano.
“Anayekufa hapigi kelele mfululizo,” husema.
“Naye hupumzika.”

Mimi sina subira, wala pengo.
Bweha walikuwa wamebeba vitoto vitatu vya mbuzi
tangu mtama uanze kuchanua.
Nikapanda gari hadi mjini, nikashuka Makoroboi,
nikanunua spika ya rangi ya chungwa
yenye taa zinazochezacheza kama harusini.
Taa nikazibandika plasta.
Sauti nilikuwa nayo tayari kwenye simu:
kitoto cha mwisho cha Kijivu, yule mbuzi wa Kabula,
siku kinafungwa kwenye bodaboda kwenda Igoma kwa wachoma nyama.
Kililia dakika moja na nusu. Nilirekodi yote.

Usiku wa kwanza, giza la mwezi,
ziwani nako wanaita: taa za dagaa zimejipanga
hadi huwezi kujua mji umeishia wapi.
Spika ikalia. Ikarudia. Ikarudia.
Bweha mmoja akaja mbio, kichwa chini, bila hadhari,
na upinde wa mjomba, ule wa zamu za sungusungu,
ukamlaza pale pale.
Nilimtazama mzee. Alikuwa anafuta tete kwa shati.

Usiku wa pili akaja mwingine,
akaketi juu ya jiwe, mbali na mshale,
akasikiliza kama mzee wa baraza.
Ilipofika sekunde ya arobaini akainuka, akaenda zake.
Ikarudia. Akarudi. Sekunde ya arobaini, akaenda zake.

“Kuna nini hapo?” mjomba akauliza.
Nikaiweka spika sikioni.
Kitoto kinalia, kinalia, pikipiki inawashwa,
na hapo, mbele kabisa, mtu anakohoa.
Ni mimi.

Mjomba alicheka hadi akaegemea jiwe.
“Mpwa wangu, umemfundisha bweha kikohozi chako.
Sasa hata sokoni atakuamkia.”

Usiku wa tatu alikataa kuja. Goti, alisema.
Nikaenda peke yangu, sauti nimeipandisha hadi mwisho.
Hakuja bweha.
Nikasikia miiba ya zizi ikivunjika kule chini,
kwato kwenye changarawe,
na Kijivu akatokea, kamba aliyoikata inamburuzika shingoni,
chuchu zimejaa tena, sijui kwa nini,
akaenda moja kwa moja hadi kwenye spika.

Aliinusa.
Alilamba plasta mpaka ikabanduka,
na taa zikaanza kucheza usoni mwake,
nyekundu, kijani, nyekundu.
Alijibu kila mlio. Alipofika kwenye kikohozi
aligeuka akanitazama.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Nikafikiri: nikizima, kitakufa mara ya pili,
na safari hii hakuna wa kumlaumu,
hakuna bodaboda, hakuna bei.
Nikaiacha iite. Ikarudia, ikarudia,
betri ikazidi kupungua, sauti ikawa nene, ya kilevi,
hadi haikuwa mbuzi wala kitu chochote.
Kijivu alibaki amesimama.

Kutoka upande wa nyumba, kwa mbali,
tete likalia mara moja.
Likanyamaza.
Nikahesabu karanga tano, sita, saba.
Halikulia tena.
Mbuzi akageuza sikio huko,
nami nikashika kipande cha kamba, tukashuka.